Kitasa cha Mlango Kinapogoma: Mwongozo kwa Mwenye Gari la Spoti Lililotumika

Magari ya spoti yaliyotengenezwa Japani katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 si mageni tena katika barabara zetu. Toyota Celica, Nissan Fairlady Z, Mazda RX-8 na Subaru Impreza huonekana mijini, mengi yakiwa yametimiza miaka 15, 20 au zaidi. Kenya huzuia kuingizwa kwa gari lililotumika ambalo umri wake umezidi miaka 8. Tanzania Bara haikuweka ukomo wa namna hiyo, bali hutoza kodi ya ziada kwa magari yenye umri mkubwa. Kwa sababu hiyo, mlaji wa hapa anaweza kununua gari ambalo injini yake bado ina nguvu, lakini vifaa vyake vidogo vimekwisha kufanya kazi ya umri mzima.

Kitasa cha mlango ni kimojawapo cha vifaa hivyo. Hakisikiki gari likiwa mwendoni, hakiwashi taa ya onyo kwenye dashibodi, na mnunuzi wengi hawakijaribu kabla ya kulipa. Hata hivyo, gari lisilofungika ni mali iliyoachwa wazi, na gari lisilofunguka kwa ndani ni hatari kwa uhai wa aliyemo. Kwa hiyo hitilafu ya kitasa haifai kuhesabiwa kuwa kero ndogo ya kuahirishwa hadi mwisho wa mwezi.

Malalamiko yanayotufikia kuhusu vitasa yanafanana sana. Mlaji mmoja mwenye gari la milango miwili alitueleza kuwa mlango wa dereva uliacha kuitikia rimoti. Gereji ya kwanza ilimbadilishia kitasa kizima kwa kilichotumika. Baada ya wiki chache hali ikajirudia, na gereji ya pili ikambadilishia kingine. Fundi wa tatu ndiye aliyeuvuta mpira ulio kati ya mlango na mwili wa gari, akakuta waya mmoja umekatika ndani yake. Vitasa vyote viwili vilivyotolewa vilikuwa vizima. Fedha zilikwisha kulipwa, na vifaa vya zamani havikurudishwa kwa mwenyewe.

Lengo la makala haya ni kumwepusha msomaji na hasara ya aina hiyo. Hatukusudii kumgeuza kila mlaji kuwa fundi. Tunataka ajue maswali ya kuuliza na majaribio anayoweza kuyafanya mwenyewe bila kufungua kitu, ili asilipie kifaa kabla chanzo cha hitilafu hakijajulikana.

Kitasa kinavyofanya kazi

Ndani ya ukingo wa mlango kuna ulimi wa chuma unaouma chuma chenye umbo la herufi U kilichofungwa kwenye nguzo ya mwili wa gari. Ulimi huo ndio unaoushikilia mlango. Mshikio wa nje na wa ndani huuachia ulimi kwa kutumia fimbo nyembamba au kebo, ambazo hushikwa na klipu za plastiki.

Ubavuni mwa ulimi huo kuna mota ndogo ya umeme. Kazi yake si kuufungua mlango, bali ni kufunga au kufungua njia ya mishikio, yaani kuamua kama mshikio ukivutwa ulimi utaachia au hautaachia. Katika magari mengi ya kipindi tunachokizungumzia, mota na ulimi huwa ndani ya kasha moja, pamoja na swichi ndogo inayoliarifu gari kama mlango umefungwa au uko wazi.

Umeme wa mota hutoka kwenye betri, hupitia fyuzi, huenda kwenye kontroli boksi inayopokea amri za rimoti na swichi, kisha huingia mlangoni kwa nyaya zilizopita ndani ya mpira wenye mikunjo karibu na bawaba. Kila mlango unapofunguliwa na kufungwa, nyaya hizo hukunjwa na kukunjuliwa.

Gari la spoti lina mambo matatu yanayolitofautisha na gari la kawaida la familia. Kwanza, milango yake mara nyingi ni miwili tu, tena ni mirefu na mizito, hivyo bawaba hulegea mapema na mlango hushuka. Pili, mengi yana vioo visivyo na fremu, na katika baadhi, Fairlady Z ikiwa mfano, kioo hushuka kidogo kila mlango unapofunguliwa ili kisikwame kwenye mpira wa juu. Tatu, mlango wa dereva hubeba karibu safari zote. Aliyetumia gari hilo Japani na anayelitumia hapa wote huendesha upande wa kushoto wa barabara, usukani ukiwa kulia, kwa hiyo kitasa cha kulia ndicho kilichochoka kuliko vyote.

Swali la kwanza: mlango mmoja, au yote?

Kabla ya kwenda gereji, simama kando ya gari ukiwa na ufunguo, kisha jaribu mambo manne kwa utaratibu: rimoti, swichi ya ndani ya mlango wa dereva, ufunguo wa chuma kwenye tundu la mlango, na mishikio yote ya ndani na ya nje. Andika kinachoitikia na kisichoitikia. Karatasi hiyo ndogo ina thamani kubwa, kwa sababu jibu lake hugawa hitilafu katika mafungu mawili.

Ikiwa milango yote imegoma kwa pamoja, si rahisi kuwa mota zote zimekufa siku moja. Tafuta chanzo mahali panapotumiwa na milango yote: betri, fyuzi, rimoti, swichi ya dereva, kontroli boksi au alamu. Ikiwa mlango mmoja tu ndio uliogoma, chanzo kimo ndani ya mlango huo au katika nyaya zinazouendea. Fundi anayetaka kubadilisha mota ya mlango mmoja ilhali milango yote imegoma, au anayetaka kubadilisha kontroli boksi ilhali ni mlango mmoja tu wenye tatizo, aombwe aeleze sababu yake kwanza.

Milango yote ikigoma

*Rimoti.* Swichi ya ndani ikifanya kazi na rimoti isifanye, vitasa na fyuzi yake ni vizima. Anza na betri ya rimoti, ambayo katika magari mengi ni kidonge cha volti 3 chenye namba iliyoandikwa juu yake, kama CR2032 au CR1620. Nunua yenye namba ileile. Ikiwa unanunua rimoti nyingine, kuwa mwangalifu: rimoti za magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hutumia mawimbi yaliyo karibu na megahezi 315, na za soko la Ulaya hutumia megahezi 433. Rimoti mbili zinaweza kufanana kwa umbo, rangi na nembo, na bado moja isiweze kamwe kuzungumza na gari lako. Usilipe kabla haijaingizwa kwenye gari na kujaribiwa mbele yako.

*Betri ya gari.* Betri iliyojaa, gari likiwa limezimwa kwa muda, hupimwa karibu volti 12.6. Ikiwa chini ya 12, imekaribia kuisha, na vitasa huwa miongoni mwa vifaa vya kwanza kulegea. Mota itasikika ikigonga kwa unyonge bila kumaliza kazi. Katika gari lenye vioo visivyo na fremu, betri dhaifu huleta dalili nyingine: kioo hakishuki mlango unapofunguliwa, kinakwama kwenye mpira, na mwenye gari hudhani kitasa kimeharibika.

*Fyuzi.* Nafasi ya fyuzi ya milango huonyeshwa kwenye kifuniko cha kisanduku cha fyuzi, ingawa katika magari ya Japani maelezo yanaweza kuwa kwa Kijapani. Fyuzi iliyoungua ibadilishwe kwa yenye ampea zilezile. Ikiungua tena, kuna waya unaogusa mwili wa gari mahali fulani. Kuweka fyuzi kubwa zaidi, au kufunga kipande cha waya badala yake, ni kukaribisha moto. Gereji iliyofanya hivyo haijatengeneza chochote.

*Alamu iliyofungwa baadaye.* Magari mengi hufungwa alamu mpya baada ya kufika nchini. Nyaya zake huunganishwa na nyaya za vitasa, wakati mwingine kwa kusokotwa na kuzungushiwa utepe tu. Joto la ndani ya gari huuyeyusha gundi ya utepe, nyaya zikaachana au zikagusana. Ikiwa hitilafu ilianza baada ya alamu kufungwa, mwambie fundi hivyo mapema. Itamwokolea saa nyingi za kutafuta.

Mlango mmoja ukigoma

*Nyaya ndani ya mpira.* Hiki ndicho chanzo cha kukaguliwa kwanza, kwa kuwa ni rahisi kukijua na gharama yake ni ndogo. Ufungue mlango, mtu mwingine abonyeze swichi ya kufunga na kufungua, nawe uusogeze mlango polepole kutoka wazi kabisa hadi karibu na kufungwa. Kitasa kikifanya kazi katika pembe moja na kukataa katika nyingine, waya umekatika au umechubuka. Angalia pia kama kioo cha umeme na spika ya mlango huo navyo hukatikakatika, kwani nyaya zake hupita njia ileile. Waya uliokatika huunganishwa kwa kuongezwa kipande cha waya mpya na kulehemiwa kwa risasi, si kwa kusokotwa.

*Mota.* Sikiliza mlangoni huku mtu akibonyeza swichi. Ukimya kamili humaanisha kuwa umeme haufiki au mota imekufa. Fundi atatofautisha kwa kupima umeme kwenye soketi ya kitasa. Sauti ya mota bila kitasa kusogea humaanisha kuwa gia za plastiki zimeliwa. Mota inayofanya kazi asubuhi na kukataa mchana gari likiwa juani, au inayofanya kazi mara moja kati ya tatu, imechakaa. Usiibonyeze mfululizo kwa hasira, maana baadhi ya mota zina kinga inayozizima kwa dakika chache zikipata joto, nawe utadhani imekufa kabisa.

*Mishikio, fimbo na klipu.* Mshikio wa nje ukiwa mwepesi usio na upinzani, na wa ndani bado unafungua, kitasa ni kizima. Kilichoachia ni fimbo au klipu ya plastiki, au mshikio wenyewe umevunjika kwa ndani. Plastiki ya miaka 20 iliyokaa juani huvunjika kama biskuti. Klipu ni kitu kidogo sana. Mlaji asikubali kuuziwa kitasa kizima kwa ajili ya klipu.

*Mlango ulioshuka.* Ukilazimika kuunyanyua mlango ndipo ufungike, tazama bawaba kabla ya kitasa. Shika mwisho wa mlango uliofunguliwa, uunyanyue kidogo. Ukicheza juu na chini, bawaba zimelegea, na ulimi wa kitasa haukutani tena sawasawa na chuma cha nguzo. Kubadilisha kitasa hakutasaidia, na kuupiga mlango kwa nguvu kutaviharibu vyote viwili.

*Maji na chumvi.* Nyuma ya kava la ndani la mlango kuna karatasi ya plastiki inayozuia maji ya mvua yasiingie ndani ya gari, na kwenye ukingo wa chini wa mlango kuna matundu ya kuyatoa. Gereji nyingi huichana karatasi hiyo na kutoirudisha, na matundu huzibwa na matope. Ukisikia maji yakicheza mlangoni unapoufungua, yazibue matundu hayo kwa kijiti laini. Kwa wakazi wa pwani, kutoka Tanga hadi Mtwara, hewa ya chumvi huongeza kasi ya kutu. Gari lililotoka maeneo ya theluji ya kaskazini mwa Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi, linaweza kuwa limefika na kutu tayari kwenye kingo za chini za milango.

Kitasa kinachojifungua chenyewe

Kuna hitilafu inayowatia watu wasiwasi kuliko nyingine: unafunga, vitasa vyote vinafunga, kisha vinafunguka papo hapo. Kwa kawaida gari halina wazimu; limepokea taarifa ya uongo. Swichi ndogo ndani ya kitasa kimojawapo inaliambia gari kuwa mlango uko wazi, au kuwa kufunga hakukukamilika, nalo linafungua ili lisikufungie ufunguo ndani. Angalia taa ya ndani na alama ya mlango kwenye dashibodi. Ikiwaka ilhali milango yote imefungwa, funga na ufungue mlango mmoja mmoja hadi uzime. Ule ulioizima ndio wa kuchunguzwa. Usisahau buti, ambalo nalo huhesabiwa kuwa mlango.

Mpaka hitilafu hiyo itengenezwe, jenga mazoea ya kuvuta mshikio kwa mkono kabla ya kuliacha gari. Sauti ya rimoti pekee si ushahidi kwamba gari limefungwa.

Tundu la ufunguo lililosahauliwa

Mwenye rimoti huweza kukaa miaka bila kuingiza ufunguo mlangoni. Vumbi na chumvi huingia, na tundu hukwama. Siku betri ya gari itakapoisha, rimoti haitafaa, na kishikio cha kufungulia boneti kimo ndani ya gari lililofungwa. Katika Mazda Roadster ya vizazi viwili vya kwanza betri yenyewe iko kwenye buti. Hapo ndipo mtu hulazimika kuvunja kioo cha gari lake mwenyewe.

Tunashauri ufunguo wa chuma utumiwe mlangoni angalau mara moja kwa mwezi. Kama gari lako linatumia rimoti isiyo na ufunguo unaoonekana, tafuta ufunguo wa dharura uliofichwa ndani ya rimoti hiyo, uujaribu leo. Tundu lilainishwe kwa unga wa grafiti au dawa ya kupuliza iliyotengenezwa kwa ajili ya vitasa. Oili ya injini na grisi visitiwe tunduni, kwa kuwa hushika vumbi na kugeuka uji. Grisi nyepesi yafaa kwenye ulimi wa kitasa na kwenye bawaba.

Usalama hauna subira

Mlango usiofunguka kwa ndani utengenezwe kabla ya safari nyingine. Katika gari la milango miwili, mlango mmoja uliogoma ni nusu ya njia zote za kutokea, na abiria wa kiti cha nyuma hana mlango wake. Baadhi ya magari yaliyotoka Uingereza yana kitasa cha kufunga mara mbili: yakifungwa kwa rimoti kutoka nje, mshikio wa ndani haufungui hata ukivutwa. Usimfungie mtu ndani ya gari la namna hiyo, na usimwache mtoto peke yake katika gari lolote lililofungwa, hata kwa dakika chache. Joto hupanda haraka mno.

Ukinaswa ndani, vuta mshikio mara mbili, kwa kuwa katika baadhi ya magari mvuto wa kwanza hufungua kitasa na wa pili huachia mlango. Kisha jaribu mlango wa pili, halafu vioo. Ikibidi kuvunja, vunja kioo cha ubavuni, karibu na kona yake, kwa kifaa chenye ncha ngumu. Kioo cha ubavuni katika magari haya kwa kawaida husambaratika kuwa punje ndogo. Kioo cha mbele kina utando katikati na hakipasuki kwa urahisi.

Anayetaka kufungua kava la mlango mwenyewe atoe kwanza waya wa hasi wa betri na kusubiri dakika chache, wala asiguse soketi za rangi ya njano. Hizo kwa kawaida ni za mifuko ya hewa ya kinga. Na kama umekisukuma kitasa kwa bisibisi ili kukijaribu mlango ukiwa wazi, kirudishe kwa kuvuta mshikio kabla ya kuufunga. Mlango ukipigwa ilhali ulimi umefungwa, ulimi huo huharibika.

Mbele ya fundi

Mlaji anayo haki ya kujua anacholipia. Tunashauri yafuatayo:

1. Mpe fundi ile karatasi ya majaribio yako, na umwombe akuonyeshe kipimo cha umeme kwenye soketi ya kitasa kabla ya kuamua kubadilisha kitu.
2. Kubaliana bei ya kutafuta chanzo na bei ya matengenezo kila moja peke yake.
3. Taja upande, mwaka na namba ya chasisi unapoagiza spea. Kitasa cha kulia hakiingii kushoto, na magari ya jina moja hubadilika kutoka toleo hadi toleo.
4. Spea iliyotumika ijaribiwe kwa kuunganishwa na umeme kabla hujalipa. Iliyotoka kwenye gari la umri uleule inaweza kuwa na uchovu uleule.
5. Dai kifaa cha zamani urudishiwe. Hicho ni ushahidi wako.
6. Chukua risiti inayotaja kazi iliyofanywa, kifaa kilichofungwa, na muda wa dhamana kama ipo.
7. Kabla ya kuondoka, hakikisha kioo, spika, taa ya ndani na karatasi ya plastiki ya mlangoni vimerudi kama vilivyokuwa.

Kabla ya kununua

Hitilafu nyingi za vitasa zingeweza kuonekana siku ya kununua. Anayenunua gari kutoka mnadani Japani aombe karatasi ya mnada, naye atafute mtu wa kumtafsiria maneno yote ya mkaguzi, si daraja pekee. Herufi R au RA mahali pa daraja huashiria gari lililowahi kupata ajali na kutengenezwa. Katika mchoro wa gari, alama XX juu ya mlango humaanisha mlango huo ulibadilishwa, na W huashiria sehemu iliyonyooshwa na kurekebishwa. Mlango uliobadilishwa ni sababu ya kuuliza zaidi kuhusu nyaya, kitasa na bawaba zake. Dai pia funguo na rimoti zote kabla ya kulipa fungu la mwisho.

Kwa gari lililopo hapa nchini, fanya yale majaribio manne mbele ya muuzaji, ukiwa na injini imezimwa na kisha imewashwa. Uliza kama ufunguo unaopewa unafungua milango yote pamoja na buti. Ufunguo unaowasha injini lakini haufungui mlango huashiria kuwa kitasa kilibadilishwa wakati fulani.

Sheria inampa mnunuzi kinga, ila kinga hiyo ina mipaka. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, bidhaa inayonunuliwa kwa maelezo kutoka kwa mfanyabiashara wa bidhaa za aina hiyo inatakiwa iwe na ubora unaofaa kuuzika. Lakini mnunuzi aliyeikagua bidhaa hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua. Aliyeufungua na kuufunga mlango mara tano siku ya kununua atapata tabu kudai kwamba hakujua haufungiki. Kwa hiyo usikague kwa kupitisha macho tu. Kagua kikamilifu, na kila kasoro uliyoiona iandikwe kwenye mkataba pamoja na jina la atakayeitengeneza. Neno la mdomo la muuzaji kwamba “hiyo ni fyuzi tu” haliwezi kutengeneza kitasa.

Ikiwa muuzaji alikuhakikishia jambo lisilo kweli, hapo suala ni jingine. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Hifadhi tangazo, ujumbe wa simu na risiti, mwandikie muuzaji kwanza ukimtaka arekebishe, na asipofanya hivyo upeleke lalamiko lako kwa Tume ya Ushindani, ambayo ina jukumu la kumlinda mlaji.

Kwa muhtasari

Kitasa kikigoma, usianze na pochi. Anza na swali: ni mlango mmoja au yote? Milango yote hupelekwa kwenye betri, fyuzi, rimoti na alamu. Mlango mmoja hupelekwa kwenye nyaya za bawabani kwanza, kisha mishikio na bawaba, na mota ndiyo ya mwisho. Mlango usiofunguka kwa ndani haungoji mwisho wa mwezi. Na kila kilichofungwa, kilichotolewa na kilicholipiwa kiwe na maandishi.